Fundi wa Kutu

Mlango ulikuwa mpya, wa chuma, umetoka kiwandani ukiwa bado na nailoni yake, na kazi ya fundi Rangi Mbili asubuhi ile ilikuwa kuuzeesha. Alikuwa amechuchumaa mbele yake, sponji mkononi, akipigapiga rangi ya udongo kwenye kona ya chini, pale ambapo maji ya mvua yangetuama kama mlango ungekuwa umeishi miaka mingi chini ya mwenye nyumba asiyejali. Kisha akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akaongeza mchirizi mwembamba kutoka kwenye bawaba. Kutu ya kweli huanzia kwenye bawaba. Kutu ya wasiojua kazi huanzia katikati.

Mwenye mlango, muuza vifaa vya ujenzi ambaye mtaa mzima ulimwita Bosi Misumari, alisimama nyuma yake na kikombe cha chai, amekunja uso.

"Fundi, hapo umezidisha. Mteja akigusa tu atakimbilia sindano ya pepopunda."

"Si ndivyo ulivyotaka? Ulisema mlango uonekane umekata tamaa."

"Ukate tamaa, sawa. Lakini usife. Ukifa, mteja atajuaje kama nipo?"

"Atapitia nyuma kama wenzake."

"Na asiyejua kama kuna nyuma?"

Rangi Mbili alichovya sponji. "Asiyejua kama kuna nyuma si mteja, bosi. Ni mgeni. Na wageni ndio unaowakimbia."

Bosi Misumari akanywa chai yake.

Fundi alikuwa amepata jina la Rangi Mbili ujanani, alipoanza kazi ya kuchora mabango akiwa na kopo la njano na kopo la buluu, na akishikilia kwamba rangi ya tatu ni ya watu wasiojiamini. Baadaye alipata kila rangi iliyouzwa, lakini jina halikuongezeka. Siku hizo mtaa ule ulikuwa wa mabango kama vile mitaa mingine ilivyo ya kelele. Fundi cherehani akichorewa mkasi, jirani yake alitaka mkasi na mkono unaoushika. Wa tatu alitaka mkasi, mkono, na bibi harusi anayelia kwa furaha. Kinyozi mmoja alichorewa kijana mwenye kichwa kizuri mno, watu wakawa wanaingia wakiomba wanyolewe kama yule, na wanatoka wakiwa kama wao wenyewe. Na chini ya kila bango Rangi Mbili aliandika namba ya simu ya mwenye duka kwa tarakimu kubwa, zinazosomeka hata na mtu aliye ndani ya gari linalokwenda mbio. Bango lisilo na namba, alikuwa akisema, ni picha tu.

Halafu wakaja wale.

Mtaani hawakuitwa kwa jina lolote. Walikuwa na jina, tena refu, lenye ahadi nyingi ndani yake, na redio ililitaja kila jioni. Lakini watu walisema "wale" tu, kama mtu anavyosema "ule ugonjwa". Mwanzoni walikuwa mbali, kwenye misitu na barabara za mpakani. Kisha madereva wa malori wakaanza kudai nauli ya kufa mtu, na walikuwa na maana yake hasa. Kisha mzigo wenye bomu ukalipuka sokoni. Kampuni ya bima ikawaeleza wafanyabiashara, kwa lugha ya majonzi, kwamba mkataba ulihusu moto, mafuriko, wizi na hata ndege kuangukia paa, ila jambo hilo moja ndilo halikufikiriwa.

Baada ya soko zilikuja simu. Mwenye duka alipokea simu asubuhi, na sauti ya mtu mstaarabu, asiye na haraka, ikamwambia: "Hongera kwa bango jipya. Tumeona mambo yako yanakwenda vizuri." Baada ya pongezi zilifuata habari za mchango. Wengi walichanga na kunyamaza. Aliyekataa alikuwa Mzee Stereo, muuza redio na televisheni wa mwisho wa mtaa, ambaye bango lake ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote ambayo Rangi Mbili aliwahi kuchora: televisheni, ndani yake televisheni, ndani yake nyingine, mpaka macho yakachoka. Mzee Stereo alidhani anataniwa. Alimwambia mpigaji akanawe uso kwanza ndipo apige tena. Hakupiga tena. Siku chache baadaye mtu aliacha begi kando ya kaunta, akatoka kwenda kutafuta chenji.

Mzee Stereo alizikwa siku ya mvua, na binti aliyekuwa akikaa kwenye kaunta hasikii kwa sikio la kushoto hadi leo. Kila kitu dukani kiliharibika isipokuwa bango. Lilining'inia juu ya mlango usiokuwepo, televisheni ndani ya televisheni, pamoja na namba ya simu, safi kabisa. Rangi Mbili alikwenda mwenyewe na ngazi kulishusha. Mtaa, ambao kwa kawaida una la kusema kuhusu kila ngazi, siku hiyo ulitazama tu.

Wiki iliyofuata muuza viatu alimjia kwa mlango wa uani. "Fundi," alinong'ona, "unaweza kuondoa bango langu?"

"Naweza."

"Na ukuta ukabaki kama... kama hapajawahi kuwa na bango?"

"Ukuta utabaki na alama."

"Basi paka na alama. Ufanye paonekane pamefungwa zamani."

Hivyo ndivyo ufundi mpya ulivyozaliwa. Wachumi bila shaka wana neno refu kwa hali ile. Mtaani waliiita kujikunja. Rangi Mbili alijifunza kuchora nyufa kwa unyoya wa kuku, kutengeneza ukungu kwa masizi na chokaa, kuandika "PANAPANGISHWA" kisha kuifuta nusu kwa msasa, ili ionekane hata aliyetaka kupangisha amekata tamaa. Kioo cha dirisha alikipaka vumbi la mbao lililochanganywa na gundi, vumbi ambalo haliondoki kwa kitambaa. Maduka yakahamia uani. Wateja waliingia kupitia vichochoro, wakapita kwenye kamba za nguo za watu, wakasalimia akina mama waliokuwa wakifua, wakatokea nyuma ya kaunta kama watu wanaokwenda kuibia jamaa zao.

Na kwa kuwa mtaa ni mtaa, wakaanza kushindana. Watu waligundua kwamba duka lililo karibu kuanguka ndilo lenye mali. Msusi mmoja, mama wa makamo mwenye mdomo usiokuwa na breki, alimwita Rangi Mbili akamwonyesha saluni ya mwenzake ng'ambo ya barabara.

"Unaona yule alivyofilisika vizuri? Ulimwekea mpaka kiota cha ndege."

"Kiota kilikuja chenyewe, dada."

"Chenyewe au cha kununua, mimi nataka changu kifilisike kumshinda. Watu wakipita waseme, masikini, huyu hakuwa na bahati."

Alifanyiwa hivyo. Akapata wateja wengi kuliko wakati wowote, akalalamika kwamba mlango wa nyuma ni mwembamba.

Kwa hiyo Rangi Mbili alikuwa na kazi. Ilikuwa kazi ya kuchosha, si mikono, mikono ilikuwa imezoea. Ilichosha namna nyingine. Mtu aliyekuwa akishuka ngazi na kusikia mtaa ukisema "aah!" sasa alishuka na kuulizwa kama haiwezi kuwa mbaya zaidi kidogo. Jioni alikaa uani kwake bila kuvua viatu, na mkewe, ambaye aliuza mitumba sebuleni kwa watu wanaofahamiana, alikuwa akimwambia, "Leo umeua nani?" naye anajibu, "Duka la vitabu," au, "Mwenye mizani," na chakula kinawekwa.

Wanawe wakubwa walikwisha kuondoka. Mkubwa kabisa alikuwa na duka la kompyuta palepale mtaani. Baada ya Mzee Stereo alifunga, akahamia mji mwingine, na sasa ni mlinzi katika jengo refu lenye maduka ya kompyuta ya watu wengine. Nyumbani alibaki kitindamimba, binti ambaye wote walimwita Kitinda, aliyemaliza mafunzo ya ushonaji na kununua cherehani za umeme zilizokwisha tumika, akaziweka chumbani kwake hadi kitanda kikakosa pa kusimama.

Kitinda alitaka duka. Si duka la uani. Alikuwa amezungumza na mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mwanamke mkali anayetembea na filimbi shingoni, na mwalimu mkuu alikubali kumpa kazi ya sare za shule nzima kwa masharti: kuwe na mlango unaotazama barabara, bango, na umeme wa kuendesha mashine. "Siwezi kuwapeleka wazazi kwenye kichochoro," alisema, "kama watu wanaonunua magendo." Na Kitinda alikuwa amepata chumba. Kilikuwa rahisi kuliko vyote mtaani, kwa sababu kilikuwa cha Mzee Stereo.

Aliyasema hayo yote mezani, kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayemeza dawa.

Mama yake aliweka kijiko chini. Rangi Mbili aliendelea kutafuna.

"Nitakupakia ukuta," alisema mwishowe. "Nitaweka nyufa nzuri hata popo ataomba kupanga."

"Sitaki nyufa, baba."

"Kila mtu anataka nyufa."

"Mimi nashona nguo za watoto. Nani ampeleke mwanawe akapimwe kwenye gofu? Nataka bango. La njano, maandishi ya buluu, kama yale yako ya zamani."

"Na namba ya simu."

"Ndiyo, na namba ya simu. Bango lisilo na namba si ni picha tu?"

Hapo alikuwa amempiga kwa fimbo yake mwenyewe, na alijua. Rangi Mbili alisogeza sahani yake. "Unajua namba ya Mzee Stereo ilipigwa na nani," alisema.

"Najua, baba. Mtaa mzima tunajua. Basi nifanye nini? Nikae na cherehani chumbani mpaka nizeeke kama milango yako? Kama haiwezekani hapa niambie tu, nimpigie kaka. Kule anasema watu wanashona mchana kweupe."

"Kaka yako hashoni. Anafungulia watu geti."

"Lakini geti lipo," alisema Kitinda.

Mama yake alikusanya sahani zilizokuwa bado na chakula.

Kama mambo yangebaki pale, Rangi Mbili angekawia kujibu mpaka binti achoke, kwa kuwa kukawia ndiyo njia ya wazazi wengi ya kukataa bila kugombana. Lakini transfoma ya mtaa ililipuka. Ilikuwa mchana, mlio mmoja mkubwa, na mtaa mzima ulilala chini. Msusi alimlalia mteja. Mtu aliyekuwa akinyolewa alikutwa chini ya kiti, nusu ya kichwa ikiwa tayari. Walipotambua kwamba ni transfoma tu, watu walitoka uani wakicheka mpaka machozi, wakipigana mabega, wakisema ni umeme, ni umeme tu, Mungu mkubwa. Walicheka hivyo kwa muda mrefu. Kisha msusi akauliza, "Sasa nikaushe nywele za watu kwa kupuliza?" na kicheko kikaisha.

Shirika la umeme liliahidi kutuma mtu. Lilimtuma kweli. Ila kulikuwa na amri ya usalama kwamba mtumishi hashuki garini katika mitaa ya aina ile, kwa hiyo gari jeupe lilipita polepole, vioo vimefungwa, likafika mwisho, likageuza. Baada ya muda jibu likaja: transfoma ilikuwapo, moja, na ingepelekwa mtaa mwingine wenye shughuli, kwani mtaa huu ulionekana umehamwa.

Bosi Misumari alilisikia jibu hilo akiwa amesimama mbele ya mlango wake, na kwa mara ya kwanza aliutazama kama mpita njia. "Fundi," alisema, "umetuua vizuri mno."

Ilibidi mtu aende ofisini kusema kwamba mtaa u hai. Lakini aliyesimama na kusema "sisi tuna biashara" alikuwa akijitangaza, na kuta za ofisi zina masikio kama kuta nyingine. Mwenye viatu alikuwa na miguu mibaya. Msusi, kwa mara ya kwanza maishani, alisema hana la kusema. Wakamtuma Rangi Mbili, kwa hoja kwamba hata akitekwa hana kitu. Alikubali. Walidhani amekubali kwa ajili yao. Alikubali kwa ajili ya cherehani zilizokaa chumbani kwa Kitinda.

Lango la shirika lilizungukwa na magunia ya mchanga. Askari walipitisha kioo chini ya kila gari na mkono katika kila mfuko. Kwa Rangi Mbili walikuta brashi na kipande cha msasa, wakajadiliana kidogo. Afisa aliyempokea alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala, adabu zake nzuri.

"Mzee wangu, nimepita mwenyewe. Sikutuma mtu. Kuna mlango mmoja pale wa chuma, umeliwa na kutu mpaka nikauonea huruma."

Rangi Mbili alijikuta akitabasamu, akajizuia. "Uliipendaje ile ya kwenye bawaba?"

"Samahani?"

"Mlango ule ni mpya, mwanangu. Kutu nimeipaka mimi."

"Mzee, usinitanie, nina watu wengi nje."

Alimwonyesha mikono yake. Rangi ya udongo ilikuwa imeingia kwenye kucha na mistari ya viganja. Afisa aliitazama, kisha akamtazama usoni.

"Kwa nini mtu apake kutu mlango mpya?"

"Kwa sababu ileile iliyokuzuia wewe kushuka garini."

Afisa aligeukia dirisha. Nje askari alikuwa akiingiza kioo chini ya gari la afisa mwenyewe, lile jeupe. "Mimi siwezi kuripoti nilichoambiwa," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo ambalo naye limemchosha. "Naripoti nilichoona. Jumatano asubuhi tunapita tena. Nikiona mtaa, transfoma ni yenu. Nikiona magofu, mzee wangu, magofu hayawekewi umeme."

Walikutana nyuma kwa Bosi Misumari, wamekaa juu ya mifuko ya saruji. Wote walikubali kwamba lazima mabango yatundikwe Jumatano, gari likipita, kisha yashushwe. Hakuna aliyepinga. Tatizo lilianza walipofika kwenye bango la nani.

"Langu herufi ndogo," alisema mwenye viatu.

"Ndogo kiasi gani?"

"Zisisomeke."

"Mimi langu lisizidi la Misumari," alisema msusi.

"Na langu lisiwe la kwanza," alisema Bosi Misumari.

"Duka lako ndilo la kwanza, shemeji, ukiingia tu mtaani."

"Najua lilipo duka langu! Basi liwe la mwisho kutundikwa."

"Na namba za simu?" aliuliza Rangi Mbili.

Wakamtazama kama mtu aliyetukana msibani.

Alichora. Alichora mabango ya mtaa mzima kwenye mbao nyepesi, bila namba, na ingawa hakumwambia mtu, mkono wake ulikuwa umesahau jinsi herufi iliyonyooka isivyochosha kama ufa. La Kitinda alilifanya mwisho, uani kwake, amegeuzia watu mgongo. Njano, buluu. SARE ZA SHULE. Alichora na kijana wa kiume na wa kike wamesimama wima kama wanaogombezwa. Sehemu ya chini aliifunika kwa gazeti, akasema rangi haijakauka.

Jumatano mabango yalikuwa yameegemezwa kwenye kuta, nyuso zimegeukia ukuta, na kila mwenye duka alikuwa amesimama kando ya lake akijitia hamnazo. Mtaa ulikuwa kimya. Gari jeupe lilionekana njia panda. Bosi Misumari alimtazama msusi. Msusi alimtazama mwenye viatu. Mwenye viatu alijiinamia kufunga kamba za viatu visivyokuwa na kamba. Kila mmoja alisubiri mwenzake awe wa kwanza kuwa tajiri.

Mwisho wa mtaa, mbele ya chumba cha Mzee Stereo, ngazi ilisimamishwa. Rangi Mbili alipanda bila haraka, misumari mdomoni, bango kwapani. Kitinda aliishika ngazi. Baba yake aliligeuza bango, akagonga msumari wa kwanza kwenye tundu lilelile la zamani, akalivua gazeti.

Kitinda aliinua macho. "Baba. Umekosea namba."

"Sijakosea."

"Hiyo ni yako."

Alitoa misumari mdomoni ili aseme vizuri. "Simu yako haina chaji kila siku. Mtu akipiga hapati."

"Baba."

"Shika ngazi, mwanangu, inacheza."

Aliishika. Aliishika kwa mikono yote miwili, paji la uso kwenye chuma, na hakuuliza tena, maana alikuwa ameelewa ni simu gani ambayo baba yake hakutaka impate yeye.

Ni msusi aliyevunjika kwanza. "Siwezi kuonekana nimefilisika mbele ya mtoto wa juzi," alisema kwa sauti ya mtaa mzima, akageuza bango lake na kulipachika. Wa saluni ya ng'ambo hakukubali kuachwa. Bosi Misumari, gari likiwa limekwisha kufika mlangoni kwake, alitundika lake juu chini, na nyundo yake kubwa iliyochorwa ikaonekana kama mtu anayening'inia. Wengine hawakugeuza chochote. Gari lilipunguza mwendo. Mwishoni mwa mtaa kioo kilishuka, upana wa kiganja tu, kinyume cha amri, na macho mekundu yalimtazama mzee aliyekuwa juu ya ngazi. Kisha kikapanda.

Kabla ya adhuhuri mabango yalikuwa yamekwisha kushushwa. Yote isipokuwa moja.

Transfoma ilikuja. Si ile, ndogo zaidi, kulingana, barua ilisema, na kiwango cha uhai kilichoonekana. Umeme huwaka nusu siku, na nusu nyingine watu hubishana ni nani ambaye hakutundika. Kitinda hushona umeme ukiwapo, hukata vitambaa ukiwa haupo. Mwalimu mkuu alikuja na filimbi yake, akapima mlango kwa macho, akasoma bango mara mbili, akasema wazazi watapiga.

Walipiga. Rangi Mbili bado anapaka kutu. Ndiyo kazi iliyopo. Juzi alikuwa kwa muuza rangi mwenyewe, mtu ambaye sasa analipia kuonekana hana rangi. Simu hukaa mfuko wa shati. Inapolia huweka sponji chini, hujifuta mikono kwa kitambaa kidole kwa kidole, kisha hugeuza ndoo na kuikalia, kwani alikwisha kuamua kwamba sauti ile isiyo na haraka ikija ataipokea amekaa. Ameandaa na maneno. Atasema duka ni lake, bango ni lake, binti ni mwajiriwa tu, na kwamba yeye hana kitu, maelezo ambayo yana faida ya kuwa karibu na kweli. Siku moja mtu alipiga, akanyamaza, akakata. Huenda mtandao. Hakumwambia Kitinda. Usiku ule mkewe hakumuuliza ameua nani. Alimwekea tu simu kwenye chaji, karibu na kichwa chake.

Mchana ule wa juzi, kwa muuza rangi, simu ililia tena. Namba asiyoijua. Namba zote ni asizozijua; ndiyo maana ya bango. Mwenye duka alimwona akijifuta mikono, akigeuza ndoo, akikaa.

"Fundi, si upokee? Itakatika."

Kutoka mwisho wa mtaa mlio wa cherehani ulikuwa ukija, ukikatika, ukija. Alisikiliza mpaka ukarudi. Kisha akabonyeza.

"Karibu," alisema Rangi Mbili. "Shule gani?"